Kijana wa Shume na Lugha ya Java

Ndugu msomaji, wewe uliyempeleka mtoto zahanati kupata chanjo, umemwona muuguzi akiandika katika daftari kubwa. Ndilo daftari la MTUHA. Je, waijua safari ya hesabu ile? Mwisho wa mwezi hujumlishwa, huingizwa katika kompyuta, na Wizara iliyo mbali huiona. Chombo kinachopokea hesabu hizo chaitwa DHIS2. Asili yake ni kazi iliyoanza Afrika ya Kusini miaka ya 1990, kisha ikaandikwa upya chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wameshiriki kuikuza. Imeandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani. (Jina hilo walilitoa katika kahawa!)

Basi, tuseme kijana wa Shume amwambia babaye: "Baba, nataka kujifunza kuandika programu kubwa namna hiyo." Baba atazama shamba la viazi na kabichi, apiga hesabu ya karo, anyamaza. Hana kosa. Lakini yafaa ajue kwanza ni kazi gani.

Programu ndogo si shida. Kijana mwenye bidii ataiwezesha kompyuta kujumlisha bei za magunia baada ya siku chache. Shida ni programu itumiwayo na watu maelfu kwa wakati mmoja. Hebu fikiri umemtumia ndugu yako wa Tanga Sh. 20,000 kwa simu. Hapo pana mambo mawili: fedha kutoka kwako, na fedha kuingia kwake. Umeme ukikatika katikati, je? Wewe umepungukiwa, naye hakupata! Kwa hiyo mwandishi wa programu huyafunga yote mawili kama kuni katika mzigo mmoja: ama yafanyike yote, ama lisifanyike hata moja. Tena sharti aamue nani aruhusiwe kugeuza nini. Na akiandikwa mtoto aliyezaliwa mwaka ujao, programu ikatae.

Mambo haya hayajifunzwi kwa majuma matatu, hata mtu akipewa cheti chenye mhuri mzuri. Wazazi, jihadharini hapo. Java yenyewe hupatikana bure, na kijana aweza kuanza kwa kompyuta ya kuazima. Hesabu na Kiingereza asividharau. Akisha kuzoea, aifungue DHIS2, ambayo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu, aone wakubwa walivyoandika. Siku ya kwanza ataona giza tupu. Asome tena kesho yake, akitoka shambani.