Jik Haiokoi Dari Iliyokunywa Maji Machafu

Kila mvua kubwa inaponyesha na mitaro ya Eastlands, jijini Nairobi, kufurika, kama ilivyokuwa mwezi wa Aprili 2024, wataalamu wa majengo huulizwa swali lile lile kutoka Buruburu hadi Kayole: ni kiasi gani cha Jik, dawa ya klorini ya kupaushia, kitiwe katika ndoo ya maji ili ukungu uliotapakaa kwenye dari au ukuta wa jipsamu ufe? Swali hilo limekosewa tangu mwanzo, kwa kuwa linachukulia kwamba bamba lililokunywa maji ya mtaro linaweza kusafishwa, ilhali haliwezi, wala hakuna kipimo cha dawa kitakachobadilisha jambo hilo.

Kinachowahadaa watu ni rangi. Klorini iliyomo katika Jik hufifisha weusi wa ukungu papo hapo, dari ikang'aa, na aliyeipangusa akaamini kwamba kazi imekwisha. Lakini ukungu ni kiumbe hai kinachopenyeza nyuzi zake ndani ya vinyweleo, yaani vitundu vidogo vinavyofyonza maji, vya sofbodi, chipbodi na karatasi inayolivika bamba la jipsamu. Klorini humalizwa nguvu na nyuzi za mbao zenyewe kabla haijaufikia ukungu uliojichimbia ndani, huku maji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya dawa hiyo, yakizidi kuzama na kuunywesha ukungu uliosalia. Atakayevunja ukingo wa bamba lililopanguswa hivyo ataukuta uso mweupe, tabaka la kijivu lenye unyevu katikati, na madoa meusi upande wa nyuma ambako kitambaa hakikufika. Isitoshe, ukungu uliokufa na spora zake, yaani chembe ndogo mno zinazouzalisha, bado humkereketa mapafu mwenye pumu, na ndiyo sababu shirika la mazingira la Marekani, EPA, halipendekezi klorini iwe njia ya kawaida ya kuondolea ukungu. Baya kuliko yote ni ushauri wa kuichanganya Jik na dawa ya choo yenye asidi ili "iwe kali": mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu, na hakuna fundi anayepaswa kuurudia ushauri huo mbele ya watu.

Dawa ni kuondoa. Bamba lililoguswa na maji ya mtaro hutolewa hata kama limekauka, na lililolowa maji safi hutolewa likipitisha saa 48 bila kukauka. Ukuta wa jipsamu hukatwa sentimita 30 hivi juu ya alama ya maji. Umeme uzimwe kwanza, watoto watoke, fundi avae glavu, miwani na barakoa ya N95, bamba linyunyiziwe maji kidogo ili vumbi lisiruke, kisha vipande vifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki humo humo chumbani. Ukuta wa mawe na saruji haubomolewi: husuguliwa kwa sabuni, ukaachwa ukauke kabisa, na hapo ndipo Jik ina kazi, juu ya vigae na sakafu ngumu. Nyumba yenye paa au dari ya asbesto isiguswe na fundi wa mtaani, kwa sababu taka za asbesto huhesabiwa kuwa hatari, na huondolewa na wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

Vipande visichomwe wala kutupwa mtoni. Apewe mzoa taka mwenye leseni, vikiwa vimevunjwa ili visiuzwe tena, kwani Dandora, jaa lililotangazwa kujaa tangu mwaka 2001, lina watu wanaoifungua mifuko hiyo kwa mikono mitupu. Na mpangaji aliyeletewa kopo la rangi ya kufunikia madoa na mwenye nyumba asikubali lifunguliwe kabla bamba bovu halijatolewa na bomba linalovuja halijazibwa.