Msikilizaji Asiye na Mlango wa Kubisha

Hakuna jambo linalomuudhi mpenzi wa kipindi kama kukatiwa kisa katikati, na katika nchi ambazo televisheni ni biashara timamu mpenzi huyo aghalabu huujua mlango wa kubisha. Mwaka 2007, kampuni ya CBS ya Marekani ilipoufuta mchezo wa Jericho baada ya msimu mmoja tu, mashabiki waliifurikisha kwa karanga zaidi ya tani 20, nayo, kwa kuwa riziki yake ni matangazo ya biashara, na bei ya matangazo hutegemea idadi ya watazamaji, ikaridhia kutengeneza sehemu 7 zaidi. Mchezo ulifutwa tena mwaka uliofuata, lakini kilio kilikuwa kimesikilizwa.

Kadhia ya wasikilizaji wa Masisi na Walikale, wilaya za Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, ni ya namna nyingine kabisa. Tarehe 14 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kulipunguza shirika linalosimamia matangazo ya Marekani ya ng'ambo, na kesho yake watumishi wa Sauti ya Amerika, redio iliyo chini ya shirika hilo, zaidi ya 1,300 wakapewa likizo ya lazima. Idhaa ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1962, ikanyamaza pamoja na ndugu zake, vikatoweka kwa mpigo mmoja vipindi vya Alfajiri, Jioni na Kwa Undani katika redio, na Duniani Leo na Zulia Jekundu katika televisheni.

Wakati wenyewe haukuwa wa kuvumilia ukimya. Rubaya, penye machimbo ya koltani, ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Aprili 2024. Masisi mjini ilitwaliwa mwanzoni mwa Januari 2025, na Goma mwishoni mwa mwezi uo huo. Siku tatu baada ya idhaa kunyamaza, Marais Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda walikutana Doha mbele ya Amiri wa Qatar, na siku ya pili yake waasi wakaingia mji wa Walikale. Kwa mtu ambaye hana budi kuamua kama atafunga mizigo au atasubiri mavuno, khabari ya mkutano ule haikuwa anasa.

Hapa yafaa kueleza kwa nini redio ya mbali ina thamani kubwa katika nchi ile kuliko mtu wa mjini anavyodhani. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo kilima kikiyakabili, bonde lililo nyuma yake hukosa sauti. Na Masisi yote ni vilima, ilhali Walikale ni msitu mkubwa, wilaya ya zaidi ya kilomita za mraba 23,000 ambayo barabara zake mvua ikinyesha hubakia jina tu. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda hadi tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, yakarudishwa chini mamia au maelfu ya kilomita mbali, bila kumwomba ruhusa mwenye kilima wala mwenye kizuizi cha barabarani. Mitambo ya Marekani iliyoihudumia Afrika ilikuwa Selebi-Phikwe, Botswana, na katika kisiwa cha São Tomé, mahali ambapo hapana jeshi lolote la Kivu liwezalo kufika kuizima. Kumbe swichi ilikuwa Washington.

Na ni huko huko uliko mzizi wa unyonge wa msikilizaji. Sheria ya Marekani ya mwaka 1948 ilikusudia matangazo hayo yaende nje tu, na hadi mwaka 2013 hayakuruhusiwa kuenezwa ndani ya Marekani kwenyewe. Basi kwa miaka mingi aliyelipa kodi hakusikia, na aliyesikia hakulipa. Mlipaji hakujua alichowanyima watu, na msikilizaji wa Kivu, aliye Pinga au Nyabiondo, hana kura ya kumtisha nayo mbunge, wala hanunui bidhaa ambayo ataacha kuinunua. Hata angekuwa na karanga, angezipeleka kwa nani? Alichoweza kufanya ni kuzungusha kitufe cha redio, akazitafuta BBC, Deutsche Welle, RFI na Redio Okapi; na kitendo hicho, ambacho mimi nakihesabu kuwa ndicho malalamiko yake, hakiandikwi katika daftari la mtu yeyote.

Kesi ya kupinga kunyamazishwa huko ilifunguliwa tarehe 21 Machi 2025, na mwezi uliofuata Jaji Royce Lamberth akaamuru kazi irejeshwe, ingawa mahakama ya rufaa haikukawia kuzuia sehemu ya amri yake. Lakini walioshitaki hawakuwa wasikilizaji, bali wanahabari wa Sauti ya Amerika wakiongozwa na Patsy Widakuswara, vyama vya wafanyakazi, na shirika la Waandishi Wasio na Mipaka. Lugha za kwanza kurudishiwa matangazo kidogo zilikuwa Kichina, Kiajemi, Kidari na Kipashto; Kiswahili hakikuwamo.