Maneno ya tangazo yaandikwe lini? Funzo la M-Pesa nchini Kenya

Wajasiriamali wengi wa Afrika Mashariki huanza kufikiria maneno ya tangazo wakati bidhaa imekwisha kutengenezwa, mtaji umetumika na mzigo umejaa ghalani. Historia ya huduma ya M-Pesa nchini Kenya inaonyesha kwamba kazi hiyo huleta faida kubwa zaidi ikianza mapema, wakati bidhaa bado inaweza kubadilishwa.

M-Pesa ilizinduliwa na kampuni ya Safaricom mwezi Machi 2007. Hata hivyo, huduma hiyo haikuwa ile iliyokusudiwa mwanzoni. Majaribio yaliyoanza mwezi Oktoba 2005, kwa ushirikiano na kampuni ya Vodafone na kwa ufadhili wa serikali ya Uingereza, yalilenga kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya kupokea na kurejesha mikopo kwa simu ya mkononi. Wateja wapatao 500 walishiriki.

Iwapo tangazo lingekamilishwa wakati huo, bila shaka lingezungumzia marejesho ya mikopo.

Wateja walikuwa na mawazo mengine. Baadhi yao walilipiana mikopo. Wengine waliwanunulia jamaa walio vijijini muda wa maongezi. Wapo pia walioweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofikia, ili wasitembee na noti mfukoni.

Matumizi hayo yaliwafumbua macho wabunifu. Suala la mikopo liliwekwa kando na huduma ikazinduliwa kwa ujumbe mmoja mfupi: tuma pesa nyumbani. Ujumbe huo ulimgusa kila mfanyakazi wa mjini aliyezoea kumkabidhi dereva wa basi au ndugu msafiri bahasha ya fedha, kisha akakaa roho juu hadi asikie kwamba imefika. Kabla ya mwaka 2007 kumalizika, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamejisajili.

Umuhimu wa maneno hayo haukuwa utamu wake tu. Yaliamua pia kipi kibaki katika huduma na kipi kiondolewe.

Nchini Marekani, kampuni ya Amazon imeufanya utaratibu wa aina hii kuwa kanuni. Tangu mwaka 2004, wafanyakazi wenye wazo jipya hutakiwa kuandika kwanza taarifa fupi kwa vyombo vya habari, kana kwamba bidhaa imekwisha kutoka, pamoja na majibu ya maswali ambayo mteja angeuliza. Taarifa isipomvutia msomaji, wazo hurekebishwa au huachwa. Gharama ya kutupa karatasi ni ndogo kuliko ya kutupa shehena.

Kuandika mapema, hata hivyo, si sawa na kutangaza mapema. Rasimu ya kwanza ni dhana inayosubiri kupimwa. Mtengenezaji akiitangaza kabla ya majaribio, hujifunga kwa ahadi ambazo huenda asiweze kuzitimiza, na ahadi ya uongo huweza kumfikisha mbele ya sheria. Nchini Kenya, Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na nchini Tanzania Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji wa aina hiyo.

Kutokana na mifano hiyo, kazi ya uandishi inaweza kugawanywa katika hatua tatu. Kabla ya kutengeneza, huandikwa aya moja inayoeleza mteja ni nani, ana shida gani na bidhaa itamwondolea shida hiyo vipi. Wakati wa majaribio, maneno ya wateja wenyewe hunakiliwa na rasimu hurekebishwa kulingana nayo. Bidhaa ikishakamilika, kila dai hulinganishwa na kile ambacho bidhaa inafanya kweli, na lisilothibitika huondolewa.

Kwa mtengenezaji wa sabuni, msindikaji wa unga wa lishe au kijana anayebuni programu ya simu, hatua ya kwanza haihitaji zaidi ya kalamu na daftari. Akishindwa kuijaza aya hiyo moja, ni vyema akalitambua hilo kabla ya kukopa fedha za kununulia malighafi.