Video za mandhari: Namna ya kumletea bahari mtu asiyeweza kuifuata

KWA muda wa miezi mitano, kuanzia Juni 2022, shangazi wa mwandishi wa makala haya alilala katika chumba kimoja huko Magomeni, jijini Dar es Salaam, akiuguza nyonga iliyovunjika. Dirisha la chumba hicho linatazamana na ukuta wa nyumba ya jirani, umbali usiozidi hatua tatu.

Mama huyo ni mzaliwa wa Pangani, mkoani Tanga. Tangu utotoni alizoea kuamka na kuiona bahari kabla ya kuona kitu kingine chochote. Jambo lililotushtua sisi tuliomwuguza ni kwamba hakulalamikia sana maumivu. "Maumivu nimekwisha yazoea," alisema siku moja. "Huu ukuta ndio unaoniua, mwanangu."

Tulimwekea katika runinga video za mandhari zinazopatikana kwa wingi kwenye intaneti. Zilikuwa na misonobari iliyofunikwa na theluji, maporomoko ya maji ya nchi za mbali, na sauti ya kinanda isiyokoma. Alizitazama kwa adabu, kisha akauliza kama huko watu wanaishi. Hapo ndipo lilipozuka wazo la kwenda Pangani na simu ya mkononi.

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya ni mapenzi ya ndugu tu. Hata hivyo, athari ya mandhari kwa mgonjwa ni jambo ambalo wataalamu wamelichunguza kwa miongo kadhaa.

Mwaka 1984, mtafiti Roger Ulrich wa Marekani alichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania. Alilinganisha wagonjwa 23 waliolazwa katika vyumba vyenye madirisha yanayotazama miti na wengine 23 ambao madirisha yao yalitazama ukuta wa matofali. Wote walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa kuondoa kibofu cha nyongo. Waliotazama miti walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi, na walitoka hospitalini mapema, ingawa tofauti haikufika siku moja kamili.

Mwaka 1991, Ulrich na wenzake walichapisha jaribio jingine, safari hii kwa kutumia video. Watu 120 walionyeshwa kwanza filamu ya ajali za kazini, ili wapate mfadhaiko. Baada ya hapo baadhi yao walionyeshwa picha za maumbile ya asili na wengine picha za mitaa ya mjini. Mapigo ya moyo, shinikizo la damu na mkazo wa misuli vilirejea katika hali ya kawaida haraka zaidi kwa wale waliotazama maumbile, tena katika muda wa dakika chache tu.

Mfano unaogusa zaidi unatoka gerezani. Katika gereza la Snake River, jimboni Oregon, wafungwa waliotengwa peke yao katika vyumba visivyo na mwanga wa jua walianza mwaka 2013 kuruhusiwa kutazama video za misitu, bahari na mito. Kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na mwanaikolojia Nalini Nadkarni na wenzake, wafungwa waliopata nafasi hiyo walifanya makosa ya vurugu kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 26 wakilinganishwa na wenzao ambao hawakuipata.

Pamoja na hayo, haifai kuipamba hoja kupita kiasi. Mwaka 2008, Peter Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwaweka watu 90 katika ofisi ya aina moja. Wengine walikuwa na dirisha la kweli lenye mandhari, wengine runinga kubwa iliyoonyesha mandhari hiyo hiyo moja kwa moja, na wengine ukuta mtupu. Baada ya msukosuko mdogo, mapigo ya moyo ya wenye dirisha yalitulia haraka zaidi. Wale wenye runinga hawakuwa na nafuu kuliko wale wenye ukuta. Kwa hiyo anayeweza kumtoa mgonjwa wake akakae chini ya mwembe kwa nusu saa, na amtoe. Video ni ya yule asiyeweza kutolewa.

Safari ya kwanza

Nilikwenda Pangani mwezi Julai, na nilirudi na video mbaya. Naieleza hapa kwa kuwa makosa yangu ndiyo ambayo karibu kila mtu huyafanya.

Kosa la kwanza lilikuwa kuizungusha kamera. Nilitaka kuonyesha kila kitu: minazi, mlango wa mto, kivuko kinachovuka kwenda Bweni, kisha minazi tena. Shangazi alifumba macho baada ya dakika mbili. "Inazunguka kama feni," alisema. Mtu anayetazama bahari akiwa ameketi ufukweni hazungushi kichwa namna hiyo. Huchagua mahali pamoja, akatulia, na vitu vikapita mbele yake.

Shirika la utangazaji la Norwei, NRK, lilijifunza jambo hilo kwa namna ya kushangaza. Mwezi Novemba 2009 lilionyesha safari nzima ya treni kutoka Bergen hadi Oslo, zaidi ya saa saba, huku picha nyingi zikitoka katika kamera iliyofungwa mbele ya treni. Zaidi ya watu milioni moja walitazama angalau sehemu ya kipindi hicho, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu milioni tano. Miaka miwili baadaye shirika hilo lilirusha safari ya meli iliyochukua saa 134. Wapo waliocheka mwanzoni, lakini mtindo huo ulipata wafuasi katika nchi nyingine pia.

Kosa la pili lilikuwa sauti. Julai ni wakati wa kusi, na upepo huo ukipiga moja kwa moja kwenye kipaza sauti cha simu hutoa ngurumo inayofunika mawimbi, ndege na kila kitu kingine. Nikadhani kwamba dawa yake ni kufuta sauti yote na kuweka muziki. Shangazi aliuliza kwa nini bahari imekuwa bubu.

Binafsi nimekwisha kuamini kwamba sauti ni nusu ya kazi, na pengine zaidi. Mgonjwa aliyefumba macho haoni picha, ila anasikia.

Namna ya kufanya

Safari ya pili ilikuwa mwanzoni mwa Novemba, wakati wa maleleji, pale kusi inapokuwa imelegea na kaskazi haijashika. Asiyeweza kungoja msimu anaweza kutumia alfajiri, ambapo pwani huwa na utulivu zaidi, au kujikinga nyuma ya ukuta au chombo kilichopandishwa mchangani. Njia niliyoitumia ni kuwa na simu mbili. Moja ilipiga picha ikiwa wazi, na ya pili ilinasa sauti ikiwa imewekwa chini, kando ya ngalawa, mahali ambapo upepo haufiki. Vyote viwili huunganishwa baadaye kwa programu yoyote ya kuhariri video, nazo zipo nyingi za bure.

Simu ilazwe kwa upana wake, kama runinga ilivyo, na ifungwe kwenye stendi ya miguu mitatu. Asiye na stendi anaweza kuiegemeza kwenye mfuko wa mchanga. Mimi nilitumia soksi iliyojazwa mchanga na ikafaa sana. Mwambao wa bahari uwe sawasawa, usiinamie upande mmoja. Kisha gusa kioo cha simu na ushikilie kidole mpaka mwanga na ulengaji vifungwe, la sivyo picha itakuwa inang'aa na kufifia kila wingu linapopita. Simu izimwe mtandao. Dakika ya 22 ya kazi yangu nzuri kuliko zote iliharibiwa na mtu aliyepiga kuniuliza kama nimefika salama.

Nafasi ya kuhifadhi ni jambo la kupiga hesabu mapema. Kwa ubora wa 1080p wenye picha 30 kwa sekunde, simu ya iPhone hutumia takriban megabaiti 60 au 130 kwa dakika moja, kutegemea namna ya kuhifadhi iliyochaguliwa. Nusu saa basi ni kati ya gigabaiti 1.8 na 3.9. Ukitaka kuichomeka video kwenye runinga kwa kutumia flashi, kumbuka kwamba flashi iliyopangwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32 haipokei faili linalofikia gigabaiti 4. Wengi hudhani kwamba flashi ni mbovu, kumbe faili ndilo kubwa.

Urefu wa dakika 20 hadi 30 unatosha, kwa kuwa runinga inaweza kuirudia yenyewe. Hapa pana mtego mmoja. Pwani hubadilika: maji hujaa na kupwa kwa muda wa takriban saa sita, na mwanga wa asubuhi hugeuka upesi. Video ikirudi mwanzo ghafla, bahari huruka kutoka mahali ilipokuwa. Ni vema kupiga picha wakati maji yamejaa kabisa au yamekupwa kabisa, ambapo mabadiliko ni madogo, na kuufifisha mwisho uingie taratibu katika mwanzo.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam asiye na nauli ya kwenda mbali, msitu wa Pugu uko karibu, na hata mti mmoja wenye kivuli uani unafaa. Adui mkubwa hapa mjini ni kunguru weusi, ambao asili yao ni Asia na ambao waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890. Hakuna anayetulizwa na sauti yao. Ukinasa sauti kabla hawajaamka, utapona.

Anayetaka kuingia hifadhi za taifa kupiga picha za biashara lazima apate kibali, na vivyo hivyo anayetaka kurusha kamera ya ndege isiyo na rubani. Watu walio ufukweni wasipigwe picha bila ridhaa yao.

Nyumbani, sauti iwe ya chini kuliko ya mazungumzo ya kawaida, na usiku mwanga wa kioo upunguzwe. Mgonjwa mwenyewe ndiye aamue lini izimwe. Na ifahamike wazi kwamba mtu aliyekosa usingizi kwa wiki nyingi, au aliyekata tamaa ya maisha, anahitaji daktari. Video haiwezi kuchukua nafasi ya tiba.

Shangazi aliiona video ya pili jioni ya siku niliyorudi. Picha ni moja tu: mchanga, ngalawa iliyolala ubavu, na maji. Kwa dakika kadhaa hakusema lolote, nami nikaanza kuhofu kwamba nimekosea tena. Kisha akanyanyua kidole.

"Maji yanapwa," alisema. "Hapa ulikuwa saa tatu, tatu na nusu hivi. Na jana yake mwezi ulikuwa mpevu."

Niliangalia kumbukumbu za simu. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Habari za mwezi sikuzijua, ikabidi nitafute kalenda.

Aliitazama hadi umeme ulipokatika. Siku iliyofuata aliomba nimletee nyingine, lakini safari hii si bahari. Alitaka mvua inayonyesha juu ya paa la makuti, pamoja na kuku waliojikunyata chini ya upenu.