Kuosha Motokaa ni Nusu ya Kazi, Kuikausha ni Nusu ya Pili

Katika mji wa Bukavu wapo vijana wanaopata chakula chao kwa kuosha motokaa. Mwenye motokaa humkabidhi kijana mali ya thamani kubwa, pengine mali iliyonunuliwa kwa akiba ya miaka mingi, naye hutazamia kuipata tena iking'aa. Lakini mara nyingi hutokea haya: jioni mwenye mali hutazama kifuniko cha injini, akaona pete ndogo nyeupe zimetapakaa huku na huku, na mikwaruzo myembamba inayoonekana juani kama utando wa buibui. Siku ya pili humtafuta mwoshaji mwingine. Kijana wa kwanza hudhani amechukiwa bure, maana alisugua kwa bidii na sabuni hakuibania. Kweli aliosha vema. Lililomponza ni kukausha.

MADOA YATOKA WAPI?

Maji yaliyo meupe machoni si maji matupu. Chukueni mfano wa Ziwa Kivu. Ziwa hili limekaa katika nchi ya volkano, kwenye kimo cha meta 1,460 hivi, na chini yake mna chemchemi zinazoleta madini kutoka ndani ya ardhi. Hata katika maji ya juu, kila lita moja ina kadiri ya gramu moja ya madini yaliyoyeyuka. Ndiyo sababu mahali pengi ufukoni miamba imevikwa ganda jeupe. Ganda lile na doa lililo juu ya motokaa ni ndugu wa tumbo moja.

Tone la maji likikaa juu ya bati lililopata jua, maji huruka kuwa mvuke, lakini madini hayaruki. Yabaki pale pale. Tena ukingo wa tone hukauka upesi kuliko katikati, na maji ya katikati huvutwa kwenda ukingoni, yakichukua madini pamoja nayo. Kwa hiyo doa huwa na umbo la pete. Likiachwa siku nyingi kuchomwa na jua, hushikamana na rangi, na mwisho huweza kuila.

MIKWARUZO NAYO?

Juu ya rangi ya motokaa za siku hizi kuna tabaka la vanishi lisilozidi unene wa unywele. Vumbi la kiangazi, kati ya mwezi wa Juni na Agosti, na matope ya masika yana chembe zilizo ngumu kuliko vanishi hiyo. Chembe moja ikinaswa katika kitambaa, kila mkono unapopita huandika mstari. Mtu azungushaye kitambaa kwa nguvu apate kung'arisha, huandika duara juu ya duara.

NJIA IFAAYO

Kwanza, tafuta kivuli. Bukavu iko karibu na Ikweta, na jua la saa sita huchoma bati hata matone yakakauka kabla mkono haujayafikia. Osha asubuhi au alasiri, injini ikiwa imepoa.

Pili, chagua maji ya mwisho. Ikiwa umeosha kwa maji ya ziwa, usiyaache yawe ya kumalizia. Suuza kwa maji ya mvua, ambayo karibu hayana madini. Yakingwe baada ya mvua ya kwanza kusafisha mabati ya nyumba.

Tatu, mimina maji hayo polepole kutoka juu, bila kuyarusha. Yakishuka kwa pamoja kama shuka, huyachukua matone mengi, na kazi ya kitambaa hupungua.

Nne, weka kitambaa safi juu ya bati, kikandamize kidogo ili kinywe maji, kisha kiinue. Au kivute polepole kwa mstari mmoja. Usisugue. Anza na paa, kisha vioo, kifuniko cha injini na milango. Sehemu za chini ziwe za mwisho, maana ndiko mchanga uliko. Magurudumu yawe na kitambaa chao peke yao.

Tano, fungua milango, upanguse pembeni mwa vioo na mahali pa bawaba. Maji yaliyojificha humo hutiririka baadaye na kuharibu kazi yote.

Kitambaa bora ni kile chenye nyuzi nyembamba mno, kinachouzwa kwa kazi hii. Labda mtu atasema: “Hicho ni ghali kwangu.” Basi, taulo kuukuu la pamba, laini, lililokatwa pindo ngumu, litafaa. Kikianguka chini, kisirudi juu ya motokaa kabla ya kufuliwa. Vile vya nyuzi nyembamba visichemshwe, wala visitiwe dawa ya kulainisha nguo, maana havitanywa maji tena.

Na doa likiwa limekwisha kukauka? Lisikwanguliwe kwa ukucha. Changanya siki na maji kwa vipimo sawa, ujaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana. Weka kwa kitambaa kilicholoa kwa muda wa dakika moja, kisha suuza na ukaushe. Siki huyeyusha madini yale.

Neno moja zaidi: motokaa isiingizwe ziwani. Mafuta na sabuni huingia katika maji ambayo wengine wanayateka, na ambamo wavuvi hutafuta sambaza.

KWA WOTE WAWILI

Kazi hii ya kukausha yataka robo saa hivi. Mwoshaji asiione kuwa hasara, kwani kwa robo saa hiyo mwenye mali atamjua na kumrudia. Mwenye motokaa naye ana wajibu. Amwachie kijana nafasi na kivuli, na malipo yawe ya kazi nzima. Asimhimize aondoke na motokaa iliyoloa, kisha kesho amlaumu kwa madoa. Maji hayana haraka ya mtu: yasipopanguswa, yataacha alama yao.