Kizungu cha Nasari Kianze kwa Sikio, Si kwa Kalamu

Kila Januari, wazazi wanapotafuta nasari ya kuwapeleka watoto wao, swali la kwanza ninaloulizwa ni hili: "Mwalimu, hapa watoto huzungumza Kizungu?" Nimefundisha watoto wa miaka minne na mitano hapa Mombasa kwa muda mrefu, na swali hilo silaumu. Mitihani ya mbele ni ya Kiingereza. Kazi za bandarini, za hoteli na za afisi zataka Kiingereza. Mzazi anayetoa karo ana haki ya kutaka mwanawe akipate. Ninachotaka kueleza leo ni vipi kinavyopatikana, kwa sababu haraka ya kukiingiza ndiyo mara nyingi inayomchelewesha mtoto.

Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, msimamo wa serikali ni kuwa mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira yake hadi darasa la tatu, huku Kiingereza kikiwa somo, kisha kiwe lugha ya kufundishia kuanzia darasa la nne. Mtaala wa umilisi haukuuacha msimamo huo. Kwa mtoto wa Mji wa Kale au wa Lamu, lugha hiyo ni Kiswahili. Kwa wa Kaloleni yaweza kuwa Kigiriama, na kwa wa Kinango Kiduruma. Lakini nasari nyingi za kulipia huuza Kiingereza kwanza, na mtoto wa miaka minne hupewa daftari aandike maneno asiyoyajua.

Tazameni linalotokea. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akishajua herufi chache tu, asoma "baba", "bibi" na "bubu" bila kusaidiwa. Kwa Kiingereza, herufi "a" huitwa "ei", "e" huitwa "i", na "i" huitwa "ai". Mtoto aliyefundishwa majina hayo kwanza huitazama "baba" akasoma "beibei". Si mjinga, ametii alichofundishwa. Kisha herufi hiyo hiyo "a" ina sauti moja katika "cat", nyingine katika "cake", nyingine katika "car". Na jioni mtoto huyo huyo yuko chuoni, asoma alifu na be kutoka kulia kwenda kushoto. Ni mzigo mkubwa kwa kichwa kidogo.

Kwa hivyo kusoma kuanze kwa Kiswahili. Mtoto akishafahamu kwamba alama hizi zina sauti, na sauti zikiungana huwa neno, elimu hiyo haimpotei. Ataivuka nayo hadi kwenye Kiingereza. Tena mtoto wa mwambao ana akiba ambayo wengine hawana: "th" ya thamani ndiyo ya "thank you", na "dh" ya dhahabu ndiyo ya "this". Akizungumza Kiswahili chake vizuri, ulimi wake umeshafanya nusu ya kazi.

Kiingereza chenyewe kiingie kwa sikio na mwili. Dakika kumi au kumi na tano kila siku zatosha. Mwalimu aseme "sit down" naye aketi, aseme "open the door" naye aufungue mlango. Nyimbo ziwe na vitendo. Maneno ya kwanza yawe ya vitu vinavyoshikika: embe, kikapu, samaki, mkeka. Hadithi isimuliwe leo kwa Kiswahili na kesho kwa Kiingereza, ili mtoto afuate maneno mapya ndani ya kisa anachokijua. Na akinyamaza wiki nyingi, msiwe na wasiwasi. Mtoto husikiliza kabla ya kujibu, kama alivyofanya alipokuwa mchanga.

Kuanzia kwenye mazingira ya mtoto si jambo geni kwetu. Mwaka 1986 ulianza hapa Mombasa mradi wa nasari za madrasa wa Wakfu wa Aga Khan, ukiongozwa na Bi Swafiya Said. Nasari zile zilijengwa juu ya dini na utamaduni wa watoto wenyewe, zikiwatayarisha kwa skuli bila kuwatoa kwao. Mradi ukaenea hadi Zanzibar na Uganda.

Jambo moja silikubali kabisa: kumvisha mtoto kibao shingoni au kumuaibisha kwa kuwa amesema Kiswahili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza adhabu ya kudhalilisha, ya mwili na ya akili. Na hasara yake twaiona majumbani. Nimepokea watoto wenye maneno machache ya Kizungu na Kiswahili kilichokatika, ambao nyanya zao wakiwauliza jambo hawana la kujibu. Mtoto huyo ana lugha mbili nusu nusu, na hana hata moja ya kufikiria.

Basi mzazi, unapokwenda kutafuta nasari, uliza hivi: Watoto huanza kusoma kwa lugha gani? Kiingereza hufundishwa kwa mchezo au kwa kuandika tu? Mtoto akisema Kiswahili hufanywaje? Na nyumbani, zungumza naye Kiswahili chako kamili, umhadithie na umtegee vitendawili. Samaki mkunje angali mbichi, twaambiwa. Ni kweli, lakini tukunje kwa utaratibu, tusije tukamvunja.