Kukalia Kiti cha Enzi na Kuendesha Serikali

Waingereza wana vitenzi viwili, reign na rule, ambavyo katika vitabu vyetu vingi huwa kutawala. Cha kwanza humhusu aliyevikwa taji. Cha pili, anayeamua na kuamuru. Zamani mfalme aliyafanya yote mawili, hivyo kutawala kulitosha. Kwa wafalme wa baadaye, neno hilo linampotosha msomaji.

Chukua Tanganyika. Kuanzia 9 Desemba 1961 nchi ilikuwa huru, lakini kwa mwaka mzima, hadi ilipokuwa Jamhuri, mkuu wake wa dola alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Mwanafunzi akiambiwa kwamba Malkia alitawala Tanganyika mwaka ule, atadhani uhuru ulikuwa wa jina tu. Ukweli ni kwamba serikali iliongozwa na Waziri Mkuu, kwanza Julius Nyerere, kisha Rashidi Kawawa tangu Januari 1962. Sheria zilitungwa na Bunge la Dar es Salaam, zikaridhiwa kwa jina la Malkia.

Mgawanyo huo Waingereza waliupata kwa damu. Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa mwaka 1649 baada ya vita na Bunge. Mwaka 1689 sheria ilimkataza mfalme kutoza kodi bila idhini ya Bunge, na tangu Malkia Anne mwaka 1708, hakuna aliyekataa kuridhia muswada uliopitishwa.

Lakini taji lenyewe halikuondoka. Likawa jina la dola, na hapa ndipo Waafrika walipoumia. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 nchini Kenya iliingiza ndani ya ardhi hiyo hata maeneo waliyoishi Waafrika. Anayeielewa Ardhi ya Taji kama mali binafsi ya Mfalme George wa Tano, aliyekuwa London, anawasahau wahusika wa karibu: gavana na maofisa wake, waliokuwa na uwezo wa kuwagawia walowezi ardhi hiyo.

Walimu na wafasiri, tuandikeni basi kwa uangalifu: Malkia alikuwa mkuu wa dola ya Tanganyika; Nyerere na Kawawa ndio walioiendesha serikali yake. Na tunapoandika kuhusu ardhi iliyoporwa, tuseme ni ofisi gani iliyotoa hati.